Binti yangu amejifungia tangu anitafsirie kwa daktari, nimwanzeje?

Mama Ugenini: Wapendwa, nina binti wa miaka 15. Tulihamia huku akiwa na 10. Lugha aliidaka upesi, mimi bado inanipiga chenga, basi kila barua na kila miadi mkalimani ni yeye. Miezi miwili iliyopita daktari alizungumza kirefu. Binti akanyamaza, akawa anavuta uzi wa mkono wa sweta, kisha akaniambia, "Anasema uendelee na dawa." Juzi, majibu yalipotoka salama, ndipo nikajua daktari alikuwa ametaja saratani. Mtoto kaibeba hofu hiyo peke yake! Sasa halali, hali nasi, nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa lugha ya huku. Baba yake anasema ameiga jeuri. Moyo wangu unakataa.

Mkalimani Mdogo: Shikamoo mama. Nami nilikuwa mtoto huyo. Deni la kodi nililijua kabla ya baba. Unamficha mzazi ili asiumie, halafu unamkasirikia kwa kutojua. Tafadhali usimuulize kwa nini alikudanganya.

Mlezi: Dada, pole sana. Mimi ni mshauri nasaha wa vijana. Mpunguzie mzigo leo hii: unapopanga miadi omba mkalimani wa hospitali, nyingi wanao. Kukosa usingizi na kujitenga kukizidi wiki 2, mpeleke kwa mtaalamu. Hayuko peke yake: Shirika la Afya Duniani linakadiria kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Akitaja kufa au kujidhuru, usingoje kesho. Na shemeji asimlazimishe kuchagua upande. Mwanasaikolojia John Berry, aliyechunguza wahamiaji kwa miaka mingi, aliona wanaoshika ya kwao na ya ugenini kwa pamoja ndio hutulia zaidi.

Bi Mkubwa: Mwanangu, hilo la lugha lisikuchome. Aliondoka na miaka 10, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha mtoto wa miaka 10. Uchungu wa miaka 15 atausemea wapi? Mwache aseme kwa lugha yoyote, wewe msikilize.

Mama Ugenini: Asanteni, nimelia. Jana usiku nilimwambia, "Najua daktari alisema nini siku ile." Hakujibu. Baadaye alikuja na mto wake, akalala kwangu hadi asubuhi. Mkalimani nimeshaomba, miadi ni Jumanne.