Wakuu, Land Cruiser inabugia dizeli, nitoe injini?

Mtoto wa Cheyo: Habari za jioni wakuu. Nina Land Cruiser ya injini ya 1HZ, nabebea asali kutoka Sikonge kuja Tabora mjini. Kwenda na kurudi ilikuwa inamaliza lita 20, sasa inafika 25. Usingizi sipati. Kuna fundi anasema tutoe injini tuweke ndogo. Kwa nini fowili, hizi gari za kuvuta kwa tairi zote nne, zinakula mafuta hivi?

Spana 17: Fowili ina vyuma ambavyo gari ya kawaida haina: transfa ya kugawa nguvu mbele na nyuma, propela ya kuipeleka mbele, difu ya kuigawia tairi za mbele. Ni uzito, na vikizunguka vinasagana na kukoroga oili, nguvu inapotelea humo. Ongeza bodi refu linalopigana na upepo. Ila hivyo vilikuwepo tangu mwanzo. Umebadilisha nini?

Mwisho wa Reli: Mdogo wangu, shukuru una lami. Sisi kabla ya Daraja la Kikwete kule Malagarasi tulilala siku mbili ndani ya Hilux, tope hadi mlangoni, tunatafuna migebuka mikavu. Nani alihesabu lita?

Mama Asali: Gari ni yako au ya kikundi? Kama ya kikundi, wenzako wanajua?

Mtoto wa Cheyo: Ya kikundi. Mwenyekiti anajua. Spana, sijabadilisha kitu.

Spana 17: Gia ndogo iko H2, nguvu tairi za nyuma tu, au H4, tairi zote nne?

Mtoto wa Cheyo: H4. Tulinasa mwezi wa tatu, tukafunga na habu, zile kufuli za tairi za mbele, haijarudishwa. Fundi alisema inakamata barabara vizuri, hata mimi naiona imetulia.

Spana 17: Miezi yote hiyo! Hiyo gari haina difu ya katikati, ya kuacha tairi za mbele na za nyuma zitofautiane mwendo. Kwenye kona tairi za mbele zinazunguka njia ndefu kuliko za nyuma, na H4 inazilazimisha ziende sawa. Kwenye tope zitateleza kidogo, zipumue. Kwenye lami zinaburuzana, na dizeli ndiyo inalipia. Lakini si lita 5 zote. Kagua chujio la hewa na upepo wa tairi.

Jicho la Mwewe: Hii chai. Ukate kona na H4 miezi yote usisikie usukani unagoma? Weka picha.

Mama Asali: Jicho, mtu akiwa na shida unamvua nguo?

Mwisho wa Reli: Hata mimi nilianza kutilia shaka aliposema hajabadilisha kitu.

Mtoto wa Cheyo: Sijatunga. Usukani ulikuwa mzito, nikajua ni mzigo. Nimetoka nje na tochi ya simu. Tairi za mbele zimelika mabegani. Habu zimejaa tope kavu, nimekwangua na kijiko ndipo nikaona alama ya LOCK, zote mbili. Ila fundi nilishampa laki nane za kianzio, injini iko njiani kutoka Dar. Na ndogo si itakula kidogo?

Spana 17: Ndogo kwenye mzigo uleule utaikanyaga mpaka mwisho. Mpigie usiku huu asimamishe. Kesho fungua habu, weka H2, jaza tenki, nenda Sikonge, ukirudi jaza pampu ileile. Tuletee lita.

Jicho la Mwewe: Na picha ya habu.