Wakuu, gemu yangu ya bao niiuze shilingi ngapi? Maoni ya wachezaji yananivuruga

Fundi_Kete (mwanzisha uzi):
Habari zenu wakuu. Nina gemu ya bao la Kiswahili ya simu za Android, nimeitengeneza peke yangu, MB 38, inachezeka bila intaneti. Unaweza kucheza na simu kwa ngazi tatu, au mkiwa wawili mkapokezana simu. Nataka kuiweka TSh 12,000, mtu analipa mara moja basi, matangazo hamna. Wachezaji wengine wanasema ni ghali, wengine hata 2,000 hawatoi. Usingizi sipati. Bei ipi inafaa, na maoni ya namna hii nayapokeaje?

Dada_Msimbo:
Anza na hesabu, kaka. Google wanakata asilimia 15 kwenye dola milioni 1 ya kwanza ya kila mwaka, ila lazima ujiandikishe kwenye mpango huo, vinginevyo ni 30. Kwa 12,000 unabaki na 10,200 kabla ya kodi. Kwa 5,000 unabaki na 4,250. Kwa hiyo wanunuzi 10 wa bei yako ni sawasawa na wanunuzi 24 wa 5,000. Swali ni kama ukishusha bei utawapata hao 14 wa ziada. Mimi naona utawapata, maana anayetaka bao kwenye simu ana ubao barazani wa kulinganisha nao.

Kompyuta_Kwanza:
Achana na simu, ipeleke Steam, duka la gemu za kompyuta. Ada ni dola 100 kwa kila gemu, unarudishiwa mauzo yakifika dola 1,000. Wao wanachukua asilimia 30. Jaza mapema fomu ya W-8BEN, ile ya kodi ya Marekani kwa wasio raia wake, na ujue Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mauzo ya wanunuzi walioko Marekani yanakatwa asilimia 30 nyingine. Gemu ya dola 4.99 inakuachia 3.49, na kwa mnunuzi wa Marekani kama 2.44. Halafu kuna kurudisha: ndani ya siku 14, akiwa hajafikisha saa 2 za kucheza, anarudishiwa hela yake yote. Bao linaisha haraka, kwa hiyo weka sababu ya kumvusha saa ya pili, kama mafumbo ya mtaji (hatua ya pili ya bao, kete za mkononi zikiisha) au ngazi ngumu zaidi.

Bibi_Mtaji:
Samahani mwanangu, umeandika "nataka kuiweka". Sasa hao wanaolalamika wameipata wapi?

Fundi_Kete:
Nilikuwa nawajaribisha watu kidogo, bibi.

Bibi_Mtaji:
Wangapi? Akaunti mpya ya mtu binafsi ya Play Store inadaiwa wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Hao 12 ndio wamekunyima usingizi?

Fundi_Kete:
Haya, niseme yote. Iko Play Store miezi minne sasa, bure. Imepakuliwa mara 6,200. Kwenye maelezo niliandika "bure milele". Lakini muelewe, wakati ule sikuwa najulikana, nilitaka watu waingie bila hofu. Toleo la kulipia nimeshalimaliza, hata picha za ukurasa ziko tayari. Lile la bure naliondoa wiki ijayo.

Dada_Msimbo:
Hilo ndilo ungeanza nalo! Gemu ikishatolewa bure Play Store, haigeuki tena kuwa ya kulipia. Ya kulipia inaweza kuwa bure, kinyume chake hapana. Ndiyo maana umelazimika kutengeneza nyingine yenye jina jipya la kifurushi (utambulisho wa programu dukani), na hiyo inaanza na sifuri: wapakuaji sifuri, nyota sifuri, maoni hakuna. Waliokwisha kuweka ya zamani watabaki nayo, lakini watu wapya hawataipata tena.

Usiiondoe. Iache ilipo, na kila kilicho bure leo kibaki bure. Uza vitu vipya ndani yake kwa malipo ya mara moja: ngazi ya nne, mafumbo, kurudia mchezo hatua kwa hatua. Angalia jambo moja linalowakwaza wengi: malipo yakipita, programu yako lazima ithibitishe kwa Google kwamba imeyapokea. Siku 3 zikipita bila uthibitisho, mnunuzi anarudishiwa hela yenyewe, na wewe utashangaa mauzo yanayeyuka. Lijaribu hilo kwa kuzima intaneti mara tu unapobonyeza kulipa.

Mzee_wa_Baraza:
Ahadi ni deni, kijana. Watu 6,200 wamesoma neno "milele" kutoka kwako. Hata kama sheria za duka zingekuruhusu, usingefanya.

Fundi_Kete:
Mzee, seti ya mbao na sauti za kete nimelipia mfukoni. Na wengi wa wanaotoa nyota moja hawajui hata kanuni za bao. Hao ndio niwalindie ahadi?

Jicho_Kavu:
Mimi kisa hiki nakitilia shaka. Gemu haina jina, akaunti yako humu ni mpya, na kila ukibanwa kinatoka kipya. Gemu isiyotumia intaneti, wapakuaji umewahesabuje? Naona ni swali la darasani limevikwa nguo. Kama ni kweli, leta lalamiko moja, lenye hali ya ubao.

Fundi_Kete:
Idadi inaonekana kwenye ukurasa wangu wa Play, mkuu, haihitaji gemu iwe na intaneti. Jina nimelificha msije mkasema natangaza. Lalamiko hili hapa. Mchezaji yuko namua (hatua ya kwanza, bado ana kete za mkononi), mstari wake wa mbele kutoka kushoto ni 0 1 0 3 9 0 2 1. Amekula, kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba, lile shimo lake kuu lenye 9, simu ikazibeba zote ikaendelea kusambaza. Akaandika "simu inaiba nyumba yangu". Nina maoni 41 ya nyota moja, 29 yanasema hivyo hivyo. Lakini kanuni ndiyo hiyo, kete ya mwisho ikikuta shimo lenye kete unaendelea.

Bibi_Mtaji:
Kwenye nyumba siyo hiyo! Ukiwa namua, umekula, na kete ya mwisho imefika kwenye nyumba yako ambayo bado ni nyumba, na hapo hakuna cha kula, unachagua: ulale, yaani uishie hapo, au usafiri, yaani uzibebe zote uendelee. Hao 29 wanajua bao vizuri kabisa. Umewanyang'anya uamuzi mzito kuliko yote ubaoni, halafu unawauliza kama watalipa 12,000.

Jicho_Kavu:
Nafuta shaka yangu. Hali ile ya ubao haitungiki na asiyecheza.

Dada_Msimbo:
Basi bei isubiri. Rekebisha hilo, kisha mjibu kila mmoja wa hao 29. Jibu halizidi herufi 350, kwa hiyo sema kosa lilikuwa nini, toleo gani limelirekebisha, asante. Nyota mtu anaweza kuzibadilisha. Ongeza kitufe cha kunakili ubao: mashimo 32, kete za mkononi za kila mmoja, zamu ya nani. Mtu akilalamika anakubandikia. Na kila baada ya hatua programu ijumlishe, lazima ipate 64. Ikipata 63, kuna kete inapotea wakati wa kusambaza.

Fundi_Kete:
Nimesitisha kuiondoa. Nimeanza kuweka vitufe viwili, Lala na Safiri. Mchezo mpya nimeupima, kila mmoja ana 0 0 0 0 6 2 2 0 na 22 mkononi, jumla ya wote wawili inakaa 64. Mafumbo nitayauza 5,000. Bibi, nikuulize: mchezaji nimpe sekunde ngapi kuchagua? Nilifikiria 10.

Bibi_Mtaji:
Usimpe sekunde. Hifadhi ubao palepale, skrini ikizimika akirudi akute vitufe vinamsubiri. Na simu nayo, ngazi ya tatu, ifundishe kulala. Sasa hivi inasafiri kila mara, kwa hiyo ni rahisi kuifunga.

Fundi_Kete:
Kweli, hilo sikuliona. Narudi kwenye msimbo.