Bonasi na makato kiwandani: tunakosea wapi?

Swali
Habari zenu wakuu. Hapa Jinja, Uganda, tuna kiwanda kidogo cha mikate, wafanyakazi 14. Tulianza kulipa bonasi kwa idadi ya mikate kila zamu. Idadi imepanda kweli, lakini kreti za mikate iliyoungua, na mingine mibichi katikati, nazo zimeongezeka. Anayechelewa tunamkata shilingi 5,000, na bado wanachelewa. Tuanzie wapi?

MzeeWaTanuri
Ndugu yangu, mkilipia idadi mtaletewa idadi. Mtu anapandisha moto ili trei itoke upesi: ganda linaungua, ndani bado unga. Hesabuni mikate iliyopita ukaguzi tu, na mkaguzi asiwe mtu wa kugawiwa bonasi hiyo. Fungu liwe la zamu nzima, maana unga usioumuka hauokolewi na mchomaji. Umeme ukikatika, siku hiyo iondolewe kwenye hesabu. Lipeni kila Jumamosi. Bonasi ya Desemba haimkumbushi mtu trei ya Jumanne.

Afisa_Utumishi
Hayo makato yaacheni leo hii. Sheria ya Ajira ya 2006 inataja makato yanayoruhusiwa, na faini ya kuchelewa haimo. Tena aliyekatwa 5,000 anaona deni kalilipa, kesho anachelewa kwa amani.

Tumieni onyo la maandishi, lenye tarehe na saa: "Tarehe 3, 4 na 9 ulifika saa 11:40 alfajiri badala ya 11:00, tanuri likachelewa kuwashwa." Kuandika "huna nidhamu" hakumwambii arekebishe nini. Msilimbikize makosa pia: zikipita siku 15 tangu mjue kosa, bila sababu ya pekee, haki ya kuliadhibu imewapotea.

Mkifikia kumfukuza, mwelezeni sababu kwa lugha anayoielewa, Kisoga au Kiganda ikibidi, aje na mtu aliyemchagua mwenyewe, na mumsikilize. Mkikiruka kikao hicho mtadaiwa mshahara wa wiki 4, hata kama kosa lilikuwa la kweli.

Muuliza swali
Asanteni sana. Sasa anayechelewa zaidi ndiye mchomaji wetu bora. Bonasi tumnyime?

Afisa_Utumishi
Hapana, mpeni. Mikate yake imepita ukaguzi. Barua ya onyo apewe siku nyingine, faraghani. Ila muulizeni kwanza anafikaje kazini saa hizo. Kama teksi hazijaanza, onyo halitamfikisha, sogezeni zamu yake.