Ya kuchovya au keki ya lava? Jumamosi naenda na rafiki

KijikoKidogo: Wakuu habari zenu. Jumamosi nina miadi na rafiki yangu kwenye duka la vitamu vya chokoleti. Tumekubaliana tuagize kitu kimoja tule wote. Nimebaki na viwili: sufuria ya chokoleti iliyoyeyushwa ya kuchovya matunda, au ile keki ya lava inayobubujika ukiikata. Tuchukue kipi?

MpishiMstaafu: Mleta mada umeandika kama telegramu. Huyo rafiki ana mzio wa karanga au maziwa? Anapenda nyeusi au ya maziwa? Mnakwenda kushiba au kupiga soga? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli tu.

BintiKakao: Ya kuchovya, hakuna mjadala. Keki ya lava kwa watu wawili ni ugomvi, mmoja anaramba uji wote, mwenzake anabaki na ukoko. Halafu lazima iliwe ikiwa moto, ikipoa katikati panaganda. Ya kuchovya mnakaa saa nzima mnaongea.

Asiyepoa: Saa nzima? Ngoja nikusimulie. Nilikwenda na shoga yangu sehemu moja, siitaji. Wakatuletea sufuria na mshumaa chini yake, matunda yameoshwa muda huohuo, yanachuruzika maji. Tumechovya kidogo tu, chokoleti ikaanza kukaza, ikawa mabonge kama udongo wa mfinyanzi. Tukamwita mhudumu, akasema "koroga tu dada." Tukakoroga. Mshumaa nao unaunguza chini, harufu ikapanda mpaka meza ya jirani wakageuka. Akaja mhudumu mwingine, akachungulia, akaondoka bila neno. Tukaishia kula matunda matupu, na bili ikaja kamili, pesa ya huduma juu! Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa keki.

MpishiMstaafu: Hilo ni jiko bovu, usiisingizie sufuria. Chokoleti tupu iliyoyeyuka ikiingiwa na matone ya maji, chembe za sukari na kakao hushikana zikawa bonge. Ndiyo maana jiko linalojua kazi huichanganya na krimu mapema, hapo unyevu wa tunda hausumbui. Muulize mhudumu kabla ya kuagiza. Na keki nayo usiipe sifa za bure: mara nyingi hiyo lava ni mchanganyiko wa keki ambao haujaiva katikati, mayai yakiwemo. Wengine huzika bonge la chokoleti na krimu ndani, hiyo keki inaiva yote. Kama rafiki ni mjamzito, uliza hilo pia.

Nyongeza: Rafiki au "rafiki"? Tuanzie hapo.

KijikoKidogo: Rafiki, mkuu. Si mjamzito, mzio hana. Ila ni mtu wa chokoleti nyeupe, nyeusi hagusi kabisa.

Asiyepoa: Sasa ndiyo unasema! Nyeupe si chokoleti. Ni sukari na maziwa.

BintiKakao: Acha hizo. Ina siagi ya kakao, imetoka kwenye mbegu ileile. Ulaya na Marekani sheria inataka isipungue asilimia 20. Na siagi hiyohiyo ndiyo inafanya chokoleti iyeyuke mdomoni, kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi kama 34, chini kidogo ya joto la mwili.

Asiyepoa: Basi na mafuta ya alizeti tuyaite alizeti.

Nyongeza: Na hao wa "nakula asilimia 70 tu" wajue hesabu hiyo inajumlisha kakao pamoja na siagi yake. Vipande viwili vya 70 vinaweza kupishana uchungu vibaya sana.

MpishiMstaafu: Kweli. Mleta mada, kama duka lina sufuria ya nyeupe, chukua hiyo, ila waambie moto uwe mdogo, nyeupe inaungua upesi. Wewe mwenyewe unapenda ipi? Hujasema mpaka sasa.

BintiKakao: Matunda makali kidogo yanaikata sukari yake. Tunda tamu juu ya nyeupe ni adhabu.

Asiyepoa: Na wafute maji!

Mpitanjia: Wakuu, mkiwa hapohapo, chokoleti yangu ya kabatini imetoka utando mweupe juu. Ni ukungu?

MpishiMstaafu: Kwa kawaida ni siagi ya kakao imepanda juu baada ya joto kupandashuka. Inalika, ila haitakuwa laini kama mwanzo.

Nyongeza: Fungua uzi wako, kijana.