Mkataba wa mwalimu mgeni unaisha Desemba: arudi kwao, ahamie shule nyingine au abaki kwa matembezi?

MwlShangani: Wakuu, habari za jioni. Shuleni kwetu hapa Mtwara mjini tuna mwalimu wa Fizikia, Mganda, mwaka wa tatu sasa. Mkataba unaisha 31 Desemba na ameshaambiwa hauongezwi. Kibali chake cha ukaazi daraja B kimeandikwa hadi Juni, kwa hiyo anaona ana miezi sita ya kutafuta kazi kwa utulivu. Mkewe na mtoto wa darasa la pili wapo hapa kama wategemezi wake. Kuna shule Lindi inamtaka. Ninaona njia tatu: arudi Uganda aombewe kibali kipya akiwa huko, ahamie Lindi na kibali alichonacho, au asubiri hapa kama mgeni wa matembezi. Ipi salama? Ni jirani yangu, sitaki aje aumbuke mbele ya mwanawe.

BintiMikindani: Hiyo ya pili ifute leo hii. Kibali alipewa kwa mwajiri huyo na kazi hiyo. Ajira ikikoma, kibali nacho kimekwisha, hata tarehe iliyochapwa ikiwa mbali. Akishika chaki Lindi kwa kibali cha Mtwara, yeye na mwajiri mpya wote wameingia kwenye kosa. Na hati za mke na mtoto zimeegemea kibali chake, hazisimami peke yake.

Korosho_Safi: Nimeshughulikia vibali vya walimu kwa miaka kadhaa, ngoja niongeze. Karatasi ni mbili. Kibali cha kazi hutoka kwa Kamishna wa Kazi chini ya Sheria Na. 1 ya 2015, cha ukaazi hutoka Uhamiaji. Herufi ndizo zinazowachanganya watu. Daraja B la ukaazi ni la waajiriwa kwa jumla, lakini daraja B la kibali cha kazi ni la taaluma zilizotajwa kwenye sheria, wakiwemo walimu wa sayansi na hisabati. Mwalimu wa Kiingereza anaangukia C. Kwa hiyo Fizikia inambeba jamaa yako. Hata hivyo Lindi lazima waonyeshe walitafuta Mtanzania wakakosa, na wawe na mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeshika nafasi hiyo. Waanze sasa, wasingoje Januari. Tena kibali cha kazi ni miezi 24 na jumla yake ina ukomo, na yeye ameshakula miaka mitatu. Lindi wajue hawapati mwalimu wa kudumu.

Mnyumbu: Kwani asivuke Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mpakani na Msumbiji, agongewe muhuri, arudi? Raia wa Afrika Mashariki si wanapewa hadi miezi 6?

BintiMikindani: @Mnyumbu, Itifaki ya Soko la Pamoja inasema hadi miezi 6, ila siku zako ni zile alizoandika afisa kwenye muhuri. Na hayo ni matembezi. Hafundishi darasani, hafundishi tuisheni, hata "kujitolea" bila mshahara haruhusiwi. Mwenye watoto wa kulisha atakaa miezi yote hiyo bila kugusa kazi?

TichaWaKisumu: Mimi ni Mkenya, nafundisha mkoa wa Lindi, na yamenikuta. Shule yangu ya kwanza ilikaa kimya, mimi nikaamini tarehe ya kwenye kibali. Afisa aliifungua pasipoti kwenye ukurasa wa kibali, akaiweka barua yangu ya kumaliza kazi pembeni, kidole kimoja huku, kingine kule. Barua ilisema 30 Novemba. Siku hiyo ilikuwa 19 Januari. Hakunifokea, aliniuliza tu: "Mwalimu, siku hizi hamsini ulikuwa nani hapa?" Sikuwa na jibu.

Nashauri njia ya kwanza. Inauma, nilikaa kwetu wiki saba bila mshahara, lakini nilirudi nikiwa safi. Asiondoke mikono mitupu: barua ya kumaliza mkataba, barua ya utumishi mwema, taarifa za michango ya NSSF. Kibali akirudishe Uhamiaji na apewe maandishi kwamba kimepokelewa. Maandishi hayo ayatunze kama cheti cha ndoa.

Korosho_Safi: Hapo kwenye maandishi nakuunga mkono. Ila maombi yakiingia mapema, Oktoba au Novemba, huenda asikae kwao hata wiki saba.

MwlShangani: Asanteni sana. Nimemsomea yote barazani usiku huu, mkewe akiwepo. Mkuu wa shule ya Lindi amekubali kutoa tangazo la nafasi wiki hii. Mtoto atamaliza muhula hapa, kisha wataondoka wote kwa basi la alfajiri kabla ya tarehe 31. Barua ya kumaliza mkataba nitaifuatilia mwenyewe kesho asubuhi.