Jengo la makuba matatu, Port Said

Swali: Ndugu zangu, lile jengo jeupe lenye makuba matatu ya kijani, linaloonekana meli iingiapo Mfereji wa Suez kutoka Mediterania, lilijengwa na nani?

Jibu 1: Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na Kampuni ya Mfereji wa Suez, iliyoundwa na Mfaransa Ferdinand de Lesseps mwaka 1858, miaka 11 kabla ya mfereji kufunguliwa.

Jibu 2: Naomba kuongezea lililo kubwa zaidi. Tarehe 26 Julai 1956, Rais Nasser wa Misri, akihutubia Alexandria kutangaza kuutaifisha mfereji, alilitaja jina la Lesseps, nalo ndilo lililokuwa ishara kwa kikosi cha mhandisi Mahmoud Younes kuzitwaa ofisi za kampuni.

Muulizaji: Ahsanteni. Sasa jengo hilo liko mikononi mwa nani?

Jibu 2: Mamlaka ya Mfereji wa Suez, ya serikali ya Misri.