Naomba ushauri: kumwondoa gavana, nimjibu vipi ami?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Jana baada ya isha, barazani Mkunguni hapa Lamu, ami yangu alinibana kisawasawa. Yeye ashikilia kwamba wawakilishi wadi wakishapiga kura, gavana ni kufungasha virago. Nikamwambia la, ami, theluthi mbili ya bunge la kaunti yapeleka mashtaka tu, mwenye kumwondoa ni Seneti. Waititu wa Kiambu na Sonko wa Nairobi waliondoka 2020 kwa mlango huo.

Akatua kikombe cha kahawa: "Na Wambora wa Embu?"

Hapo nikakwama. Kweli, 2014 Seneti ilimwondoa, wa kwanza nchini, na korti ikamrudisha. (2017 wapiga kura wakamchagua tena. Hilo ami hakulitaja, nami sikumkumbusha.)

Sasa wanaojua sheria nisaidieni: korti yapima nini hasa, makosa yenyewe au utaratibu uliofuatwa? Na Gachagua, aliyekuwa naibu wa rais, 2024 Seneti ilimkuta na hatia kwa mashtaka 5 kati ya 11. Je, shtaka moja tu lingetosha? Nijibuni kabla ya Ijumaa tafadhali, ami ashawaalika wenzake.